Kompyuta za Kubebeka za Zamani: Jinsi ya Kuzifumua, Kuzitengeneza na Kuokoa Yaliyomo Kwenye Disketi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari za miaka ya 1980 na 1990, hata hivyo, si zote za karatasi. Watu wetu wengi wa pwani walikwenda bara kikazi, wakakaa Nakuru, Naivasha, Gilgil na Njoro miaka na mikaka, wengine wakiwa makarani, wengine walimu, wengine wahasibu wa mashamba. Baadhi yao walirudi nyumbani na sanduku lenye kompyuta nzito ya kubebeka, adapta yake, na disketi kumi au ishirini zilizofungwa kwa mpira. Ndani ya disketi hizo mna barua, hesabu za chama cha kuzikana, orodha ya nasaba, rasimu ya utenzi, au makubaliano ya shamba ambayo karatasi yake imeshaliwa na mchwa. Wengine walibaki huko huko, na watoto wao wamezaliwa Bondeni ya Nakuru, si Bondeni ya Mombasa. Masanduku yao yako huko hadi leo.

Kompyuta yaweza kununuliwa nyingine. Kilichoandikwa kwenye disketi hakinunuliki, na disketi ina umri wake. Makala haya yanaeleza jinsi mashine hizi zinavyofanya kazi, jinsi mafundi wanavyozifumua na kuzibadilisha, na utaratibu wa kufuata ili tusije tukapata mashine inayowaka huku tumepoteza maandishi. Yameandikwa zaidi kwa ajili ya Nakuru na Bonde la Ufa la kati, lakini msomaji wa Lamu, Malindi au Mombasa atapata humu lake pia, kwa sababu chumvi na unyevu vya pwani vina madhara yao.

Mashine tunazozizungumzia

Kompyuta ya kwanza ya kubebeka kuuzwa kwa wingi ilikuwa Osborne 1, iliyotoka Marekani Aprili 1981. Ilikuwa na uzito wa kama kilo 11, kioo cha inchi 5 na draivu mbili za disketi za inchi 5¼. Haikuwa na betri. Kuibeba ilikuwa kama kubeba cherehani, na iliuzwa kwa dola 1,795.

Kutoka Japani ilikuja Epson HX-20, yenye ukubwa wa karatasi ya A4, betri za kuchajiwa, printa ndogo ndani yake na kioo cha mistari 4 yenye herufi 20 kila mmoja. Mwaka 1983 ikafuata TRS-80 Model 100, iliyotengenezwa na kampuni ya Kyocera na kuuzwa na maduka ya Radio Shack. Kioo chake kilikuwa na mistari 8 ya herufi 40, na ilitumia betri nne ndogo za AA, zile zile za tochi na redio. Waandishi wa habari waliipenda kwa sababu iliweza kufanya kazi mahali pasipo na umeme.

Mwaka 1985 Toshiba ilitoa T1100, iliyotumia disketi ngumu za inchi 3½ na programu zile zile za kompyuta za IBM. Mwaka 1992 IBM ikaleta vipakatalishi vya ThinkPad. Kuanzia hapo kipakatalishi kikawa na umbo tunalolijua leo. Vile vya mitumba ambavyo Wakenya huviita ex-UK ni wajukuu wa mashine hizi.

Kufumua ni nini

Fundi wa mkeka akitaka kujua mkeka mgeni ulivyosukwa, huufumua taratibu kutoka ukingoni, akihesabu miyaa inavyopishana, kisha husuka wake. Wahandisi wa kompyuta hufanya jambo lilo hilo: huchukua kifaa ambacho mwenye kiwanda hakueleza siri yake, wakakichunguza mpaka wakajua kinavyofanya kazi, kisha wakatengeneza kingine kinachoelewana nacho. Tutaliita jambo hili kufumua.

Mfano mashuhuri kuliko yote unahusu kompyuta ya kubebeka. Mwaka 1982, Rod Canion, Jim Harris na Bill Murto walianzisha kampuni ya Compaq mjini Houston, Marekani. Walitaka mashine ya kubebeka itakayoendesha programu zote za kompyuta ya IBM. Vipande vingi vya IBM vilipatikana madukani. Kikwazo kilikuwa programu moja ndogo iitwayo BIOS, inayoamsha mashine inapowashwa na kuiunganisha na draivu, kibodi na kioo. IBM ilikuwa imechapisha maandishi ya programu hiyo katika kitabu chake cha ufundi, lakini hakimiliki ilikuwa yake. Kuinakili kungekuwa wizi.

Compaq iligawa wahandisi wake makundi mawili. Kundi la kwanza lilichunguza BIOS ya IBM na kuandika maelezo ya kila inachofanya. Kundi la pili, ambalo halikuwahi kuiona, lilisoma maelezo hayo tu na kuandika programu mpya kutoka mwanzo. Compaq Portable ikaingia sokoni mwaka 1983 ikiwa na uzito wa kama kilo 13, na katika mwaka huo wa kwanza ziliuzwa 53,000. Karibu kila kipakatalishi kisicho cha Apple unachokiona leo katika maduka ya Nakuru au Mombasa ni mzao wa kazi hiyo.

Nakuru si Mombasa

Mji wa Nakuru, uliopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Naivasha iko juu kidogo ya hapo, Gilgil iko karibu mita 2,000, na ukipanda kuelekea Molo na Timboroa unapita mita 2,400 hadi 2,700. Kwa kompyuta za zamani hili ni jambo la kuzingatia.

Ndani ya diski ngumu mna sahani zinazozunguka kwa kasi, na kichwa cha kusomea hakigusi sahani: huelea juu ya utando mwembamba wa hewa, chini ya elfu moja ya milimita. Utando huo unatokana na hewa ya kawaida inayoingia kupitia tundu dogo lenye kichujio. Nakuru hewa ina shinikizo la kama asilimia 80 ya lile la Mombasa, kwa hiyo kichwa huelea chini zaidi. Watengenezaji wengi waliweka kikomo cha kama mita 3,000, na Nakuru iko ndani ya kikomo hicho. Lakini diski ya miaka thelathini iliyokwisha kuchoka, ikiwashwa Timboroa, ina nafasi ndogo ya kuvumilia kuliko ikiwashwa Likoni. Na lile tundu, ambalo mara nyingi huwa na maandishi ya kuonya lisizibwe, lisizibwe kwa gundi wala kwa stika.

La pili ni vumbi. Karibu na Gilgil, pale Kariandusi, huchimbwa udongo mweupe wa diatomaiti, ambao ni mabaki ya vijimea vidogo vya ziwa la kale. Udongo huo una silika, na duniani hutumiwa kuchujia vinywaji na hata kung'arishia vyuma. Kitu kinachong'arisha chuma kitakwangua disketi. Mashine iliyokaa miaka mingi katika ukanda wa Gilgil, Elementaita na Nakuru ifunguliwe na kupulizwa vumbi kwanza, kabla disketi yoyote haijaingizwa.

Pwani tuna maadui wengine: chumvi na unyevu. Chumvi hula miguu ya vipande vya elektroniki na kuleta kutu ya kijani. Unyevu huotesha ukungu juu ya disketi. Disketi zilizokaa Nakuru kabatini, mahali pakavu, mara nyingi huwa na hali nzuri kuliko ndugu zake zilizokaa Mji wa Kale.

Hatari kubwa zaidi iko safarini. Usiku wa Nakuru joto huweza kushuka hadi nyuzi 10. Mzigo uliopanda basi la usiku ukafika Mombasa asubuhi bado ni wa baridi, na hewa ya pwani ikiugusa tu, maji huganda juu yake kama jasho la chupa ya soda. Usifungue begi papo hapo. Liache limefungwa nusu siku mpaka lipate joto la chumba, ndipo ulifungue.

Kabla ya kuwasha

Mtu akipewa mashine ya zamani, jambo la kwanza analotaka ni kuiwasha aone kama ni nzima. Hapo ndipo nyingi huungua. Haraka haraka haina baraka. Fungua kwanza, uangalie vitu vitatu.

Cha kwanza ni betri ya ndani. Mbali na betri kubwa ya kuendeshea, mashine nyingi zina betri ndogo iliyolehemiwa kwenye bodi ili kutunza saa na kumbukumbu. Zile za nikeli na kadimi huvuja zikizeeka, na maji yake hula njia za shaba za bodi. Ikiwa unaona unga wa kijani au mweupe, betri ikatwe na kutolewa, na mahali palipochafuka pasafishwe kwa siki kidogo, kisha kwa spiriti safi, pakaushwe kabisa. Kwenye Model 100 kuna jambo la ziada: mafaili yake yote yalikaa katika kumbukumbu inayotegemea umeme. Betri hiyo ikishakufa, yaliyokuwemo yamekwenda, na nakala pekee ni ile iliyowekwa kwenye kaseti au disketi. Kwa hiyo usitupe kaseti iliyomo kwenye sanduku la mashine kwa kudhani ni ya taarab.

Cha pili ni kapasita. Katika sehemu ya umeme ya mashine za miaka ya 1980 kuna kapasita za karatasi zenye ganda la plastiki la rangi ya manjano linalopitisha mwanga. Ganda likipata nyufa, unyevu huingia, na siku ya kuwashwa kapasita hupasuka na kutoa moshi mzito wenye harufu kali. Fundi mzuri huzibadilisha zote kabla ya kuchomeka waya, na gharama yake ni ndogo.

Cha tatu ni umeme wenyewe. Kenya tunatumia volti 240. Mashine iliyonunuliwa Marekani ni ya volti 110 hadi 120, na bila transfoma itaungua dakika hiyo hiyo, isipokuwa iwe na swichi ya kubadilishia. Angalia pia adapta. Leo adapta nyingi zina chanya katikati na hasi nje. Model 100 ni kinyume chake: inataka volti 6 na hasi iwe katikati. Plagi itaingia vizuri kabisa, na mashine itakufa.

Disketi: kuzijua na kuzinakili

Disketi za inchi 5¼ ni laini. Zile za kawaida za kompyuta za aina ya IBM zilibeba kilobaiti 360, na baadaye megabaiti 1.2. Za inchi 3½ zina ganda gumu. Zenye tundu moja pembeni ni za kilobaiti 720, na zenye matundu mawili ni za megabaiti 1.44.

Hesabu yake si siri. Disketi ya 720 ina nyuso mbili, kila uso una njia 80 za mviringo, kila njia ina sekta 9, na kila sekta hubeba baiti 512. Zidisha, utapata baiti 737,280. Ile ya 1.44 ina sekta 18 kwa njia, yaani mara mbili. Fundi anayejua hesabu hii anaweza kutambua disketi ngeni, kwa sababu kufumua mpangilio wa disketi huanza na maswali hayo hayo: njia ngapi, sekta ngapi, baiti ngapi. Osborne 1, kwa mfano, iliweka kama kilobaiti 91 tu kwenye disketi ya inchi 5¼, kwa mpangilio wake yenyewe, na kompyuta ya Windows ikipewa disketi hiyo itasema haijaandaliwa na kuuliza kama uiandae. Ukikubali, umefuta kila kitu.

Kabla ya kuingiza disketi yoyote, ifunge isiandikwe. Kwa ile ya inchi 3½, sogeza kile kijipande cha plastiki mpaka tundu liwe wazi. Kwa ile ya inchi 5¼, ziba pengo la pembeni kwa kipande cha karatasi ya gundi isiyopitisha mwanga. Kisha fungua kifuniko uangalie uso wa disketi kwenye mwanga. Ukiona madoa meupe ya mviringo, huo ni ukungu, na usiiingize. Disketi chafu huchafua kichwa cha draivu, na kichwa kichafu hukwangua disketi inayofuata iliyokuwa nzima. Uso husafishwa polepole kwa spiriti safi na kitambaa kisichotoa nyuzi, na kichwa cha draivu husafishwa baada ya kila disketi yenye shaka.

Kwa disketi za inchi 3½ za aina ya IBM, draivu ya nje ya yuesibi inatosha. Kwa nyinginezo zote, mafundi siku hizi hutumia kifaa kidogo kiitwacho Greaseweazle, kilichobuniwa na Keir Fraser. Hiki hakijali disketi ni ya kompyuta gani. Huunganishwa na draivu ya kawaida kwa waya wa pini 34, kisha hurekodi kila mgeuko wa sumaku unaopita chini ya kichwa na muda wake. Kazi ya kutambua sekta na mafaili huachiwa programu, na hufanywa baadaye. Faida yake ni kwamba disketi dhaifu husomwa mara moja au mbili tu ikapumzika, na nakala ya sumaku hufumuliwa polepole hata kwa miezi.

Usiandike chochote kwenye disketi ya zamani ya kilobaiti 360 kwa draivu ya megabaiti 1.2. Draivu hiyo ina kichwa chembamba zaidi, na huacha mabaki ya maandishi ya zamani pembeni mwa mapya. Draivu ya asili ikija kusoma itachanganyikiwa.

Draivu yenye akili yake

Mfano mzuri wa kufumua ni draivu ndogo ya disketi iliyouzwa kwa ajili ya Model 100. Iliunganishwa na kompyuta kwa waya wa kawaida wa kupeleka herufi moja baada ya nyingine. Ndani ilikuwa na kompyuta yake ndogo, na amri zake hazifanani na za draivu nyingine yoyote. Disketi yake ni ya inchi 3½ kwa sura, lakini hubeba kilobaiti 100 tu: njia 40, kila moja ikiwa na sekta mbili kubwa za baiti 1,280. Draivu ya yuesibi haiisomi kabisa.

Waliofumua lugha ya draivu hiyo waligundua jambo la kufurahisha. Ilikuwa imetengenezwa na Brother, kampuni ya cherehani, na karibu ni ile ile draivu ya FB-100 iliyouzwa pamoja na mashine za kielektroniki za kufuma sweta. Kwa hiyo ujuzi wa wapenzi wa kompyuta ukawafaa wafumaji. Mwaka 2010, Becky Stern na Limor Fried, wakitegemea kazi ya Steve Conklin, walionyesha jinsi kompyuta ya leo inavyoweza kujifanya draivu hiyo na kuipa mashine ya Brother michoro mipya ya kufuma.

Nakuru ni mji wa nyuzi, blanketi na sweta za shule. Fundi wa kufuma wa huko akikutana na mashine ya Brother ya kielektroniki iliyokosa draivu, asiitupe. Na mwenye draivu ya Model 100 isiyozunguka asikate tamaa, kwa sababu kasoro yake ya kawaida ni ukanda wa mpira uliooza na kuwa kama lami. Husafishwa kwa spiriti, ukawekwa ukanda mpya wa kipimo kile kile, na draivu hurudi kazini. Asiye na draivu kabisa anaweza kutumia programu za bure zinazoifanya kompyuta ya leo iitikie amri zile zile. Model 100 haitajua tofauti.

Diski ngumu na kadi za kumbukumbu

Vipakatalishi vya miaka ya 1990 vingi vina diski ngumu ya inchi 2½ yenye pini 44, za mfumo wa IDE. Pini 40 ni za data, na nne za mwisho ni za umeme. Ukiichomeka kwa kuruka pini moja, umeme utaingia pasipopaswa na diski itaungua. Hesabu pini kabla ya kusukuma.

Habari njema ni kwamba kadi za kumbukumbu za CompactFlash, zile za kamera za zamani, zinaelewa lugha ya IDE bila kufasiriwa. Adapta ndogo isiyo na akili yoyote inatosha kuiweka kadi mahali pa diski. Mashine huwa kimya, haina joto, haiogopi mwinuko wala mtikisiko wa matatu. Tahadhari moja: BIOS za zamani nyingi haziwezi kuona zaidi ya megabaiti 504, nyingine gigabaiti 8. Kadi ndogo ndiyo bora.

Si kila diski ni ya IDE. Toshiba T1200 ya mwaka 1987 ilitumia diski ya JVC ya megabaiti 20 yenye pini 26 na mfumo wake yenyewe, na adapta hizi hazifai. Kwa mashine kama hiyo, ikiwa inawaka, njia salama ni kutoa mafaili kwa waya wa siriali. MS-DOS 6 ya mwaka 1993 ilikuja na programu za INTERLNK na INTERSVR kwa kazi hiyo hasa. Kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, diski ya megabaiti 20 itachukua kama saa sita. Kwa kasi ya 115,200, nusu saa. Anza na mafaili yasiyopatikana kwingine, umalizie na programu.

Diski inayogonga au kulia izimwe. Usifungue kifuniko cha sahani zake, hasa katika mji wenye vumbi la Bonde la Ufa. Kama bado inasomeka kwa shida, programu ya GNU ddrescue hunakili kwanza sehemu nzima, ikaacha zilizoharibika mwishoni, ili diski isife ikiwa inapigania sekta moja.

Herufi zilizogeuka

Umefanikiwa kunakili, ukafungua barua ya mzee, ukakuta imeandikwa hivi: habaré zá nyumbané. Wengi hudhani faili limeharibika. Sivyo.

Programu ya WordStar, iliyokuja pamoja na Osborne 1, mara nyingi iliongeza 128 kwenye namba ya herufi ya mwisho ya neno, kama alama yake ya kupanga mistari. Kwa kompyuta ya Windows, herufi hiyo huonekana kama nyingine kabisa: a huwa á, e huwa å, i huwa é, o huwa ï, na u huwa õ. Kwa kuwa maneno ya Kiswahili karibu yote huishia kwa irabu, maandishi yetu huonyesha ugonjwa huu waziwazi kuliko Kiingereza, na hutibika kwa urahisi. Programu ya mistari michache inayotoa 128 kwa kila herufi iliyozidi 127 hurudisha barua nzima. Mafaili ya WordPerfect na ya hesabu za Lotus 1-2-3 hufunguliwa na LibreOffice, ambayo ni ya bure. Hifadhi faili la asili daima, na ufanyie kazi nakala.

Sheria na amana

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 ilimruhusu mwenye programu kihalali kuweka nakala ya akiba na kurekebisha makosa, na pia iliruhusu kufumua programu ili ielewane na programu nyingine. Haikuruhusu kunakili programu ya mtu na kuiuza.

Yaliyoandikwa ndani ya disketi ni jambo jingine. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inakataza kuingia katika kompyuta ya mtu bila idhini, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda habari za watu binafsi. Kipakatalishi cha mtumba kikikufikia na mafaili ya mwenyewe wa kwanza, iwe rekodi za wagonjwa au mishahara ya kibarua wa shamba la maua, huna ruhusa ya kuyasambaza. Na hata bila sheria, barua ya mtu ni amana. Fundi akabidhi nakala kwa mwenyewe au warithi wake, na afute iliyobaki kwake.

Utaratibu kwa ufupi

Tatizo la mafundi wengi, bara na pwani, si ujuzi. Ni mpangilio wa kazi. Mteja huleta mashine, fundi huirudisha inawaka, na ili iwake ameshaiandaa diski upya. Mteja alitaka barua za babake, akapewa mchezo wa karata. Kwa hiyo mwenye mashine aseme mapema, na ikiwezekana aandike kwenye risiti: mafaili kwanza, mashine baadaye.

Kwanza, muulize mwenyewe maadamu yuko hai: alitumia programu gani, disketi ipi ni ya nini, nywila ilikuwa ipi. Jibu la dakika kumi humwokolea fundi wiki nzima. Pili, piga picha lebo zote kabla gundi haijaachia. Tatu, funga disketi zisiandikwe, zisafishe, zinakili kabla ya kugusa mashine. Nne, thibitisha kwamba nakala inafunguka na kusomeka. Tano, weka nakala tatu mahali tofauti, na moja iwe nje ya nyumba; moja ibaki Nakuru na nyingine Mombasa, maji ya ziwa na mvua ya masika visizikute pamoja. Hapo ndipo ubadilishe betri, kapasita, ukanda na diski kadiri upendavyo.

Betri zilizovuja na bodi zisizotengenezeka zisitupwe jaani wala kuchomwa, kwa sababu zina kadimi na risasi. WEEE Centre ya Nairobi hupokea taka za elektroniki. Disketi zenyewe, hata baada ya kunakiliwa, zihifadhiwe kwenye mfuko mkavu pamoja na orodha ya yaliyomo, iliyoandikwa kwa kalamu kwenye karatasi.